Fishi ya mgonjwa aliyepaswa kufa

Katika wiki ya kwanza ya Oktoba 2018, Tuzo ya Nobel ilitajwa nyumbani kwetu mara mbili. Siku ya Jumatatu, tarehe 1, nilisikia redioni kwamba tuzo ya tiba imekwenda kwa James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, kwa kugundua namna ya kuondoa breki zinazouzuia mfumo wa kinga kuishambulia saratani. Niliketi nikasikiliza hadi mwisho, na katika nyumba nzima mimi peke yangu ndiye niliyeguswa na habari hiyo. Siku ya Ijumaa, tarehe 5, Bukavu nzima, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, ilijua kwamba tuzo ya amani imekwenda kwa Daktari Denis Mukwege pamoja na Nadia Murad, na kwamba habari ilimkuta Daktari Mukwege akiwa katika chumba cha upasuaji pale hospitali ya Panzi. Akina mama wa mtaa wetu walipiga vigelegele hadi giza likaingia.

Usiku ule mama yangu, ambaye aliuza ndagala katika soko la Kadutu kwa miaka mingi, aliniuliza: "Mwanangu, na ile ya Jumatatu iliyokunyamazisha ilikuwa ya nani?" Nilimjibu kwamba ilikuwa ya watu waliotafuta jinsi ya kuufanya mwili wa mgonjwa upigane wenyewe na kansere. Mama alinyamaza kidogo, kwa sababu mdogo wake, mama mdogo aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne, alikufa kwa kansere ya tumbo mwaka 2003. Kisha akasema: "Basi nieleze polepole, nielewe." Nilipoanza kumweleza, sikuanza na Allison wala Honjo. Nilianza na daktari wa upasuaji ambaye jina lake halikutajwa katika tuzo ile, Steven Rosenberg, kwa kuwa ni kwa kuyafuatilia maisha yake ya kazi, tangu nikiwa mwanafunzi wa udaktari hapa Bukavu, nilipoelewa kazi ya daktari-mtafiti huanzia wapi. Ninayoyaandika hapa ni maelezo yale niliyompa mama, pamoja na mambo ambayo usiku ule sikuweza kuyasema.

Rosenberg alizaliwa mwaka 1940 katika mtaa wa Bronx, jijini New York, na wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia kutoka Poland. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, kadi za posta zilianza kufika nyumbani kwao zikitaja, mmoja baada ya mwingine, ndugu waliouawa katika kambi za Wanazi. Yeye alikuwa mtoto mdogo bado. Amesimulia kwamba kadi zile ndizo zilizomfanya aamue kuwa daktari, kwa sababu alitaka kufanya kazi iliyo kinyume kabisa na uovu uliowaangamiza watu wa kwao. Msomaji wa Kivu hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Mwaka 1996 nilikuwa na miaka kumi, na habari za namna ileile ziliingia nyumbani kwetu kwa midomo ya watu waliofika kwa miguu, kila siku jina jingine, na mama mdogo alikuwa akinitoa nje ili nisisikie. Nilisikia yote. Kwa hiyo niliposoma habari za kadi zile, miaka mingi baadaye, katika chumba cha mwanafunzi chenye taa ya mafuta, nilihisi kwamba mtu huyu ninamjua.

Alisomea udaktari Johns Hopkins, akaenda Boston kujifunza upasuaji, kisha akakatiza mafunzo hayo ili kupata shahada ya uzamivu ya biofizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard. Kwetu sisi, ambako familia inauza shamba ili mtoto mmoja amalize udaktari, uamuzi huo unashangaza: mtu ambaye amekwisha kujua kushika kisu anarudi darasani kusoma hesabu za molekuli. Lakini hapo ndipo ilipo tofauti kati ya daktari na daktari-mtafiti. Wa kwanza anatibu kwa tiba iliyopo. Wa pili anatibu kwa tiba iliyopo huku akitafuta ile ambayo haijakuwapo, na kwa kazi hiyo ya pili elimu ya wodini haitoshi.

Mwaka 1968, akiwa bado mwanafunzi wa upasuaji, alimpokea mwanamume mmoja katika hospitali ya wanajeshi wa zamani jijini Boston. Mtu huyo alikuwa na maumivu ya kibofu cha nyongo, jambo la kawaida kabisa. Kisichokuwa cha kawaida kilikuwa katika faili lake. Miaka 12 kabla ya siku hiyo alifanyiwa upasuaji wa saratani ya tumbo, na waliompasua walikuta imekwisha kuenea hadi kwenye ini. Walitoa walichoweza kutoa, wakaacha mengine, wakamrudisha nyumbani akafe. Hakupewa tiba nyingine yoyote. Sasa alikuwa amesimama mbele ya daktari kijana, mwenye afya, akilalamikia nyongo. Rosenberg alipomfungua tumbo alilipapasa ini lake lote kwa mikono yake na hakukuta saratani.

Ninaomba msomaji asimame hapa pamoja nami, kwa maana kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike. Jambo la kwanza ambalo Rosenberg alilihitaji halikuwa mashine wala dawa. Alihitaji kujua kama ile kweli ilikuwa saratani. Kwa bahati nzuri vipande vya nyama vilivyokatwa miaka 12 iliyopita vilikuwa bado katika kabati la hospitali, vimetunzwa juu ya vioo vya hadubini, vikiwa na jina na namba ya mgonjwa. Vioo vilitolewa, vikaangaliwa upya, na jibu likawa lilelile: saratani ya tumbo, bila shaka yoyote. Hapo tu ndipo swali lilipozaliwa: ikiwa hakuna daktari aliyemponya mtu huyu, ni nini kilichomponya? Alidhani ni kinga yake mwenyewe. Alichukua damu ya mtu yule, akampa mgonjwa mwingine wa saratani ya tumbo ambaye damu zao zilipatana, akitumaini kwamba kinga ile itahamia. Haikusaidia kitu, na mgonjwa wa pili alikufa. Kisa cha yule aliyepona kilichapishwa mwaka 1972 katika jarida la kitaalamu, na mwandishi wake akaendelea kukibeba moyoni kwa nusu karne.

Mwaka 2014, nikiwa na mwaka wa pili kazini, nilimpokea mzee mmoja kutoka Walungu aliyekuja kwa ajili ya ngiri. Nilipomuuliza habari za magonjwa ya zamani, alifunua shati akanionyesha kovu refu katikati ya tumbo. Alisema kwamba miaka tisa nyuma alipasuliwa katika hospitali moja ya mkoa wetu. Waganga walifungua, wakaona ini limejaa mabonge, wakafunga bila kugusa kitu, wakawaambia wanawe kwamba ni kansere na kwamba wampeleke nyumbani. Wanawe walinunua mbao za jeneza. "Muganga," akaniambia, "mbao zile ndizo mlango wa nyumba ninayolala." Nilimpiga picha ya tumbo kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Ini lilikuwa safi.

Sikulala vizuri usiku huo. Wiki iliyofuata nilipanda gari hadi hospitali ile, nikaomba kuona daftari la chumba cha upasuaji la mwaka aliopasuliwa. Nililetewa rundo la madaftari yaliyokuwa yamelowana mvua katika ghala, kurasa zimegandamana kama mkate. Hata kama ningezifungua, nisingepata nilichokitafuta, kwa sababu mzee alikumbuka vizuri, na mwanawe alithibitisha, kwamba hakuna kipande chochote cha ini kilichokatwa. Bila kipande hicho, kisa chake kinaweza kuwa mambo mengi. Jipu la amiba kwenye ini hulifanya livimbe na kuwa na mabonge. Kifua kikuu cha tumbo huweza kumdanganya hata mpasuaji mzoefu akadhani ameona saratani. Na mzee alikumbuka pia kwamba aliporudi kijijini muuguzi wa kituo cha afya, kwa huruma tu, alimpa vidonge vya metronidazoli, dawa ya amiba, kwa siku kumi. Huenda vidonge hivyo ndivyo vilivyomponya jipu ambalo hakuna aliyelitambua. Huenda pia alikuwa na saratani na mwili wake ukaishinda. Sitajua kamwe, wala hakuna mtu mwingine atakayejua.

Tangu siku hiyo nimeyasoma maisha ya Rosenberg kwa jicho lingine. Kabla ya hapo nilikuwa nikihesabu mashine alizokuwa nazo ambazo sisi hatuna. Baadaye nilianza kuona ni mara ngapi kazi yake ilitegemea kitu ambacho tungeweza kuwa nacho.

Tarehe 1 Julai 1974, akiwa na umri wa miaka 33, alikabidhiwa uongozi wa upasuaji katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, mjini Bethesda. Miaka miwili baadaye watafiti wengine wa Bethesda waligundua protini ambayo baadaye iliitwa intalukini-2. Hiyo ndiyo ishara ambayo chembe za T, zile askari za kinga zinazotambua na kuua chembe zilizoharibika, huitumia kuambiana zizaliane. Kabla ya hapo chembe za T hazikuishi muda mrefu zikitolewa mwilini. Sasa ziliweza kukuzwa katika chupa, nyingi kadiri mtu atakavyo. Wazo la Rosenberg lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitekeleza: kutoa chembe za kinga za mgonjwa, kuzikuza nje kwa intalukini-2, kuzirudisha zikiwa jeshi kubwa.

Katika miaka ya mwanzo ya 1980 aliwatibu kwa njia hizi zaidi ya wagonjwa 60 mfululizo, na hakuna hata mmoja aliyepona. Vitabu vinapita hapa kwa sentensi moja. Mimi siwezi. Katika wodi yangu, wagonjwa watatu wakifa katika wiki moja, kwa mgonjwa wa nne ninasimama kidogo mlangoni kabla ya kuingia. Yeye aliingia mara 60 na zaidi, kila mara akiketi na mtu ambaye tiba nyingine zote zilikuwa zimemshinda, akimweleza kwamba anachompa ni jaribio, kisha akimwona anakufa. Na baada ya kila kifo alirudi maabara na maandishi ya mgonjwa huyo: kiasi cha dawa, siku ya homa, ukubwa wa uvimbe kwa sentimita. Kushindwa kule kuliandikwa kwa uangalifu uleule ambao mtu angeandikia ushindi, na ndiyo sababu kuliweza kumfundisha kwamba dozi zilikuwa ndogo mno.

Mwishoni mwa mwaka 1984 alimtibu mwanamke wa miaka 33, afisa wa jeshi la majini, aliyekuwa na melanoma, aina ya saratani ya ngozi, iliyoenea mwilini. Safari hii alipewa dozi kubwa kuliko wote waliomtangulia. Intalukini-2 kwa kiwango hicho inatisha: mishipa midogo ya damu inavuja, mapafu yanajaa maji, shinikizo la damu linashuka, na mgonjwa huwa karibu sana na kifo kabla ya kuwa karibu na uponyaji. Mwanamke yule alivuka. Miezi michache baadaye uvimbe wake wote ulikuwa umetoweka, na karibu miaka 30 baadaye alikuwa bado hai bila saratani. Desemba 1985 Rosenberg na wenzake walitangaza matokeo ya wagonjwa 25 wa kwanza wa tiba hiyo: 11 kati yao uvimbe wao ulipungua kwa zaidi ya nusu, na mmoja alipona kabisa. Mwaka 1992 intalukini-2 iliidhinishwa Marekani kwa saratani ya figo iliyoenea, na mwaka 1998 kwa melanoma.

Kuna jambo jingine la mwaka 1985 ambalo mama yangu alilipenda kuliko habari za protini. Mwezi Julai mwaka huo Rais Ronald Reagan alipasuliwa utumbo, na Rosenberg alikuwa miongoni mwa madaktari waliozungumza na waandishi wa habari. Alisema waziwazi: Rais ana saratani. Hapa kwetu neno hilo husemwa kwa kunong'ona, au halisemwi kabisa. Familia hunifuata koridoni, wakubwa kwa wadogo, wakiniomba: "Docta, usimwambie mzee." Mama mdogo alikufa bila mtu yeyote kumtajia jina la ugonjwa wake, na mpaka leo mama hajui kama tulimkinga au tulimwacha peke yake. Ninaamini tulimwacha peke yake, na tangu nimekuwa daktari ninawaambia wagonjwa wangu ukweli, kwa Kiswahili chepesi, nikiwa nimeketi.

Hatua iliyofuata, kwangu mimi, ndiyo yenye akili kubwa kuliko zote. Rosenberg alijiuliza: kwa nini tuchukue chembe za kinga kutoka damuni, ambako nyingi hazina habari na saratani, wakati zile zinazoijua zimekwisha kuingia ndani ya uvimbe wenyewe? Akaanza kukata uvimbe wa mgonjwa, kuugawa vipande vidogo, kuviweka katika chupa zenye intalukini-2, na kusubiri limfosaiti, yaani chembe za kinga zilizokuwa zimejipenyeza humo, zizaliane. Mwaka 1988 timu yake ilionyesha kwamba chembe hizo zinaweza kuuyeyusha uvimbe wa wagonjwa wa melanoma. Hata hivyo kwa wengi chembe zilizorudishwa zilitoweka baada ya siku chache, na ilichukua miaka mingi kuelewa sababu. Mwili ulikuwa umejaa chembe nyingine za kinga ambazo zilizinyang'anya wageni ishara za ukuaji, na baadhi yake kazi yake hasa ni kutuliza mashambulizi. Mama alielewa hapa haraka kuliko wanafunzi wangu: "Walipanda maharage katika shamba lenye majani." Ndivyo hasa. Suluhisho likawa kulima kwanza, yaani kumpa mgonjwa dawa za kupunguza chembe zake za kinga kwa muda, ndipo zile zilizokuzwa zirudishwe. Mwaka 2002 walitangaza kwamba kati ya wagonjwa 13 wa melanoma waliotibiwa hivyo, 6 uvimbe wao ulipungua kwa zaidi ya nusu.

Mengine nitayapitia upesi, ingawa kila moja lingestahili makala yake. Timu yake ilikuwa kati ya zile za mwanzo kuingiza jeni katika chembe za T ili kuzifundisha kutambua saratani. Mwaka 2010 walieleza mgonjwa wa limfoma, saratani ya chembe za kinga zenyewe, aliyetibiwa kwa chembe zilizotengenezwa hivyo, na mwaka 2017 tiba iliyotokana na njia hiyo iliidhinishwa Marekani kwa limfoma. Mwaka 2018, miezi michache kabla ya wiki ile ya Nobel mbili, walichapisha kisa cha mwanamke mwenye saratani ya titi iliyoenea, ambaye tiba zote zilikuwa zimemshinda. Walisoma jeni za uvimbe wake wakakuta mabadiliko 62, wakatafuta limfosaiti zinazoyatambua, wakazipata zinazotambua protini nne kati ya hizo, wakazikuza hadi zaidi ya bilioni 80. Karibu miaka miwili baada ya tiba hakuwa na saratani. Na Februari 2024 tiba ya limfosaiti za ndani ya uvimbe iliidhinishwa Marekani kwa melanoma, ikiwa ya kwanza ya chembe kuidhinishwa huko kwa saratani iliyo bonge. Tangu matokeo ya mwaka 1988 ilikuwa imepita miaka 36.

Ndipo ninapoweza kumweka kila mmoja mahali pake. Allison na Honjo walionyesha kwamba chembe za T zina breki, Allison ile iitwayo CTLA-4, Honjo ile iitwayo PD-1, na kwamba kingamwili inayozuia breki hiyo inaziachilia. Honjo naye alisomea udaktari, huko Kyoto, na jeni la PD-1 liligunduliwa katika maabara yake mwaka 1992. Dawa zao zimewafikia wagonjwa wengi zaidi kwa sababu zinatoka chupani, wala hazihitaji kukuziwa upya kwa kila mgonjwa. Tuzo waliistahili. Lakini kabla ya watu kutafuta breki, ilibidi aweko mtu wa kuwaonyesha kwamba gari lenyewe linaweza kwenda, na kwa miaka mingi ambapo wataalamu wengi hawakuamini, mtu huyo alikuwa yule mpasuaji wa Bethesda.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza mwaka jana, kwa uchungu wa kweli: "Dada docta, haya yote yanatuhusu nini sisi?" Tiba ile ya limfoma ilipoingia sokoni mwaka 2017 bei yake ilitangazwa kuwa dola 373,000 kwa mgonjwa mmoja, bila gharama za hospitali. Sikutaka kumpa jibu la kumliwaza. Nilimpeleka Kampala, kwa mdomo tu.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, alieleza uvimbe wa taya wa watoto ambao sasa unabeba jina lake. Kwa msaada wa pauni 25 alichapisha karatasi zenye picha za ugonjwa huo akazituma kwa hospitali nyingi za Afrika, akiuliza swali moja: je, mmewahi kuona hili? Majibu yaliyorudi, kutoka kwa watu waliokuwa wameandika walichokiona, yakawa ramani ya ugonjwa. Mwaka 1967 yeye na Sebastian Kyalwazi, mpasuaji Mganda, walichapisha visa vya wagonjwa ambao uvimbe wao ulipungua wenyewe. Ulikuwa mwaka mmoja kabla ya Rosenberg kukutana na mtu wake wa Boston, na fumbo lilikuwa lilelile. Daktari wa upasuaji kutoka Kamerun, Victor Anomah Ngu, aliyewatibu watoto hao kwa dawa, alikuwa mmoja wa walioshiriki Tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya tiba ya Marekani, mwaka 1972 kwa kazi hiyo. Kwa hiyo swali la kinga na saratani liliwahi kuulizwa katika ukanda wetu, na watu wa kwetu, kwa vifaa vya hospitali ya kawaida. Waliweza kuuliza kwa sababu kila mtoto alikuwa na fishi, yaani karatasi ya habari zake, na picha na kipande cha nyama.

Mwanafunzi yule aliponyamaza, nilimwonyesha kabati. Ni kabati la bati lenye rafu nne, liko nyuma ya mlango wa labo yetu. Nilianza kulijaza mwaka 2015, mwaka mmoja baada ya mzee wa Walungu. Kila kipande tunachokata tunakiweka katika formalini, maji ya dawa yanayozuia nyama isioze, kwa saa zinazotakiwa, kisha kinagandishwa katika nta. Sehemu inavuka mpaka kwenda kusomwa, kwa maana hapa hatuna daktari wa kuisoma, na bonge la nta linaporudi halitupwi. Linapewa namba, na namba inaandikwa katika daftari mbili zinazolala katika majengo mawili tofauti. Nta haihitaji umeme. Hilo ni muhimu katika mji ambao friji hulala bila moto siku tatu. Pamoja na namba tunaandika jina la mgonjwa, jina la baba yake, kijiji, na simu ya mtu wa familia, na kila mwaka katika likizo wanafunzi wawili wanapiga simu hizo moja moja kuuliza: yuko hai? Mara nyingi tunajibiwa na kilio. Mara chache, mgonjwa mwenyewe anapokea.

Kwa miaka ya mwanzo tulikosea mengi. Formalini iliwekwa maji kupita kiasi na vipande vikaoza. Majina mawili yaliyofanana yalichanganywa, na mama mmoja alipewa jibu la mwingine, kosa ambalo nilikwenda kuliomba msamaha nyumbani kwake Bagira na ambalo bado linaniuma. Baada ya hapo ndipo tulipoanza kuandika jina la baba.

Februari 2025 mji ulipobadili mikono, maghala na maduka yaliporwa kwa siku kadhaa, na kwa wiki nzima sikuweza kufika kazini. Muuguzi wetu mkuu, mama mwenye wajukuu sita, alitoka na daftari moja amelifunga kiunoni chini ya kitenge. Niliporudi, dirisha la labo lilikuwa limevunjwa na hadubini ndogo haikuwapo. Kabati lilikuwa wazi, rafu zote nne zimejaa. Hakuna aliyeona sababu ya kuiba nta.

Mzee wa Walungu nilimpigia simu mwezi uliofuata, nikapokewa na mwanawe. Alisema baba yake alifariki mwaka 2021, akiwa mzee sana, usingizini, katika nyumba ile yenye mlango wa mbao zile. Nilimuuliza kama kuna karatasi yoyote ya upasuaji wa zamani iliyobaki. Akatafuta siku mbili, akanipigia kusema kwamba hakuna. Nimeandika kisa chake hata hivyo, katika ukurasa wa mwisho wa daftari, bila namba, kwa sababu namba tunawapa tu wale ambao tuna kipande chao.

Namba ya mwisho niliyoiandika jana ni 611. Ni ya mama wa miaka 52 kutoka Kadutu, tumbo, vipande vitatu. Majibu yake tunayasubiri kutoka ng'ambo ya mto Rusizi, mpakani, na binti yake ameniachia simu mbili.